Betri nzima, redio bubu: jua linavyofungua na kufunga mawimbi mafupi

Jumapili ya Mei 12, 2024 nilikuwa kwenye steshenari moja Uyole, jijini Mbeya, nikisubiri kutuma barua pepe iliyogoma kwenda. Intaneti ilikuwa imekatika kabla ya adhuhuri, karibu nchi nzima, na tuliokuwa tukisubiri tulikuwa na majibu tayari. Mzee mmoja alisema ni kimbunga, akiwa na maana ya Hidaya kilichofika pwani wiki moja kabla. Kijana wa bodaboda akambishia: "Hapana mzee wangu, ni dhoruba ya jua. Nimeisoma juzi kwenye simu." Dada mwenye duka naye akatupa swali ambalo sijalisahau: "Kama dhoruba ni ya sola, mbona yangu pale juu ya bati inachaji kama kawaida?"

Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Hidaya kilipita kweli, Mei 4. Dhoruba ya jua nayo ilikuwapo: kuanzia usiku wa Mei 10 kwa saa zetu, dunia ilipigwa na dhoruba iliyofika daraja la juu kabisa, daraja ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Ila intaneti ilikatwa na jambo la kawaida zaidi. Nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika nje ya pwani ya Afrika Kusini. Jua halikuhusika. Mambo matatu yaliangukia ndani ya siku tisa, na kwenye mazungumzo yetu yakawa jambo moja.

Kichekesho ni kwamba chombo ambacho jua lilikigusa kweli siku zile hakikutajwa na yeyote pale dukani. Ni redio ya mawimbi mafupi.

Tuweke maneno sawa kwanza. Mawimbi mafupi ni yale yenye herufi SW kwenye uso wa redio, masafa ya megahezi 3 hadi 30. FM iko juu zaidi, kati ya 88 na 108. Redio ya ridhaa ni mazungumzo ya watu binafsi wenye leseni, ambayo kwetu hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Wanaongea wao kwa wao, kwa mapenzi tu, bila biashara wala matangazo. Wa Tanzania hutambulika kwa alama ya wito inayoanza na 5H, kama namba za magari yetu zinavyoanza na T. Na dhoruba ya jua, kwa faida ya yule dada, haina undugu na paneli wala na jua kali la mchana. Ni mlipuko unaotokea kwenye jua lenyewe, kilomita milioni 150 kutoka Uyole.

Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima, yameishia hapo. Ndiyo maana minara imepandishwa mlima Loleza, ili ichungulie jiji zima kutoka juu, na ndiyo maana ukishuka kwenye mabonde ya Rungwe stesheni ya Mbeya inaanza kukwaruza. Mawimbi mafupi yana njia nyingine. Yanapanda angani, yanakutana na kitu kule juu, yanarudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbele. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kunasa alama za redio kutoka Uingereza akiwa Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, na wengi walishangaa. Dunia ni mviringo, wimbi lilipindaje? Mwaka uliofuata Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kivyake, walisema lazima kuna tabaka la umeme juu yetu linalolirudisha. Edward Appleton akaja kulithibitisha mwaka 1924, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya 1947.

Tabaka hilo huitwa ayonosfia, na anayelitengeneza ni jua.

Fikiria unavyopukuchua mahindi. Hewa ya juu ni magunzi yenye punje zake. Miale mikali ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, inapoipiga hewa hiyo inazing'oa punje ndogo za umeme, yaani elektroni, na kuziacha zikielea. Punje zikiwa nyingi, anga linakuwa kama uso wa maji: wimbi la redio likija linageuzwa. Usiku mpukuchuaji hayupo, punje zinarudi kwenye magunzi. Chini, ambako hewa imebanana, punje hukutana na gunzi haraka na kazi huisha dakika chache baada ya machweo. Juu sana hewa ni hafifu mno. Punje inatangatanga hata usiku kucha kabla ya kupata pa kurudi.

Hapo ndipo penye siri ya mambo yote, kwa hiyo tusipaharakishe. Kuna matabaka kadhaa lakini mawili yanatutosha. La juu, wanaloliita F, linaanza kama kilomita 150 na kupanda hadi mia kadhaa. Hilo ndilo linalorudisha mawimbi, nalo hudumu hata usiku. La chini, D, liko kati ya kilomita 60 na 90, lipo mchana tu, na kazi yake ni kula mawimbi.

D linakulaje? Pita Mwanjelwa siku ya soko umebeba ubao wa futi kumi na mbili begani. Kila hatua unamgonga mtu, unaomba radhi, unapoteza nguvu, na pengine hufiki. Mwenzako aliyebeba kiberiti mkononi anapenya kama hakuna watu. Mawimbi marefu zaidi, ya masafa ya chini, ndiyo ubao. Yanazisukasuka zile punje kwa kishindo, punje zinagongana na hewa, nguvu yote inaishia kuwa joto kidogo. Ndiyo sababu mchana mawimbi ya kati husikika karibu tu na mtambo, lakini usiku D likitoweka, stesheni za nchi jirani zinaingia bila hodi.

F nalo lina masharti yake. Watoto wa Matema wanajua kurusha kijiwe bapa juu ya Ziwa Nyasa kikaruka mara tano, sita. Ukikirusha kwa mlalo kinaruka. Ukikirusha wima kinazama. Na maji yangekuwa mazito zaidi, ungeweza kukirusha kwa nguvu zaidi bado kikaruka. Wimbi la redio vivyo hivyo: linaloingia kwa mlalo hugeuka kirahisi, na kadiri punje zinavyokuwa nyingi kule juu ndivyo masafa ya juu zaidi yanavyogeuzwa badala ya kutoboa na kupotelea angani. Kwa kila njia, kwa kila saa, kuna kikomo. Chini ya kikomo hicho mawimbi yanarudi, juu yake yanatoboa. Wenye redio za ridhaa siku nzima wanakifukuzia kikomo hicho, maana ukiwa chini yake kidogo tu, D linakula kidogo na F linarudisha vizuri.

Jambo linalofuata kutoka kwenye hilo kijiwe huwachanganya wengi. Kwa kuwa wimbi linaruka, kuna eneo katikati ambalo halitui kabisa. Mtambo wa Zanzibar umesikika miaka mingi kwenye kilohezi 11735, na wapenda redio wa Ulaya wameufurahia, huku mtu aliye karibu nao zaidi akiweza kuambulia ukimya. Wimbi lilimpita juu ya kichwa. Aliyeko Mbeya akitaka kuongea na Dar es Salaam mchana hushuka kwenye bendi ya mita 40, megahezi 7, ambayo inakubali kurushwa karibu wima na kurudi karibu. Akitaka Ulaya alasiri anapanda mita 15 au 10; mita ni urefu wa wimbi, na zikipungua masafa yanapanda.

Sasa tuje kwenye tabia za jua lenyewe.

Jua lina madoa meusi, na madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takribani miaka 11. Mjerumani Heinrich Schwabe ndiye aliyelitangaza jambo hilo mwaka 1843, baada ya kuhesabu madoa miaka kumi na saba bila kuchoka. Madoa mengi maana yake jua linapukuchua kwa nguvu. Mzunguko tulio nao, wa 25, ulianza Desemba 2019. Mwaka huo wa 2019 jua lilikaa zaidi ya siku 270 bila doa hata moja, na bendi ya mita 10 ilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Ilipofika Oktoba 2024, mashirika ya Marekani, NASA la anga za juu na NOAA la hali ya hewa, yalitangaza kwamba jua limeingia kwenye kilele. Rafiki yangu mmoja wa Iringa mwenye leseni alikuwa hatoki chumbani. Kwa wati 100, umeme uleule wa balbu ya zamani, alikuwa akiongea na Wajapani asubuhi na Wataliano jioni.

Kwa hiyo, kinyume na mtaani wanavyosema, jua lililochafuka ni neema kwa redio. Lakini ni neema yenye kiboko, na kiboko kinakuja kwa njia mbili ambazo magazeti yanapenda kuziita zote "dhoruba".

Ya kwanza ni mlipuko wa mwanga. Doa likipasuka hutoa miale ya eksirei inayosafiri kwa mwendo wa mwanga, inafika duniani baada ya dakika nane na kitu. Hakuna onyo linaloweza kuitangulia. Miale hiyo inapenya hadi kwenye D, inapukuchua kupita kiasi, na soko la Mwanjelwa linajaa ghafla kama sikukuu. Hata mwenye kiberiti hapiti. Stesheni moja baada ya nyingine inazama, hata ule mvumo wa kawaida wa redio unapungua, na unabaki ukipapasa kitufe cha sauti ukidhani umekibana. Hali inarudi taratibu kwa kadiri ya nusu saa, saa moja, wakati mwingine zaidi, na masafa ya juu ndiyo yanayofufuka kwanza.

Ila mlipuko huo unaathiri upande wa dunia wenye mchana tu, na hasa pale jua lilipo utosini. Milipuko hupangwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila herufi ikiwa mara kumi ya iliyotangulia, kisha namba. Tazama Mei ileile ya 2024. Mei 10, saa 3:54 asubuhi kwa saa zetu, ulitokea mlipuko wa X3.9, nasi tulikuwa mchana kweupe. Mei 14 ukaja mkubwa zaidi, X8.7, lakini huku ilikuwa saa 1:51 usiku. Jua lilikuwa limekwishazama nyuma ya milima, na wa Mbeya hawakuwa na D la kuharibiwa. Mkubwa haukutugusa, mdogo ulitupata. Baadaye Oktoba 3, 2024 tukapata wetu hasa: X9.0, saa 9:18 alasiri, bara la Afrika likiwa limeangaliwa na jua uso kwa uso. Na kwa latitudo ya Mbeya jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, kwa hiyo majira yenyewe hayakuwa na huruma.

Hapa huwa namkumbuka marehemu babu yangu, Rungwe. Alikuwa na redio ya mkulima, na saa zake za Idhaa ya Kiswahili ya BBC na Deutsche Welle hazikuguswa na mtu. Redio ikififia mchana alitoa betri, akazianika juu ya bati, akatukalisha tuzilinde kuku wasizidondoshe. Baada ya saa moja anazirudisha, na redio inaongea. Betri zikipata joto hurudisha nguvu kidogo, hilo halina ubishi. Lakini siku hizi najiuliza ni mara ngapi zile betri zilikuwa nzima tangu mwanzo, na kilichopita katika ile saa moja ni mlipuko wa jua lilelile alilozianikia. Angetakiwa kujaribu jambo moja tu: kuhamisha swichi kwenda FM, kama stesheni ingekuwapo. FM ikiongea kwa nguvu na SW yote imekufa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mshale, mchana, betri hazina kosa.

Njia ya pili ni mtapiko. Jua linatema wingu kubwa la chembe na usumaku, nalo halisafiri kama mwanga. Huchukua siku moja hadi tatu, kwa hiyo hapo utabiri una nafasi. Likigonga sumaku ya dunia, sumaku inatikisika, na tabaka la F linavurugwa. Kikomo cha masafa kinaweza kushuka kwa siku nzima au mbili, sauti zinatetemeka kama mtu anayeongea akiwa juu ya trekta, na njia zinazopita karibu na ncha za dunia ndizo huumia zaidi. Mei 2024 mitapiko kadhaa ilifuatana kutoka kundi moja la madoa lenye upana wa takribani dunia kumi na tano, na watu wa Florida na Meksiko wakaona anga limekuwa jekundu na zambarau. Ndizo picha alizoziona yule kijana wa bodaboda.

Je, mtapiko unaweza kuzima umeme? Unaweza, mahali pengine. Machi 13, 1989 jimbo la Quebec, Kanada, lilikaa gizani kama saa tisa, watu milioni sita. Mkondo hujitengeneza kwenye nyaya ndefu sana, zaidi katika nchi zilizo karibu na ncha. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna nafuu kubwa. Simu yako mfukoni na redio yako mezani ni fupi mno kuchuma umeme huo, kwa hiyo zile jumbe za "zimeni simu usiku wa leo" zinazosambazwa kwenye makundi zifutwe tu.

Kuna mengine ninayoyasikia Nyanda za Juu Kusini. La kwanza, kwamba Mbeya iko juu, kwa hiyo iko karibu na hayo mawimbi. Jiji liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Tabaka la F liko kilomita mia mbili, tatu. Ni kama kusimama juu ya tofali ili uguse dari ya kanisa. Kwa FM mwinuko unasaidia sana, kwa mawimbi mafupi karibu hausaidii. La pili, kwamba Julai Makete na Njombe zikipiga baridi la kuua viazi, jua "limepoa". Baridi yetu ni ya majira na mwinuko. Jua linaweza kuwa kwenye kilele cha ghasia zake huku wewe umejifunika blanketi mbili.

La tatu ndilo linaloniudhi. Mtu analalamika kwamba redio inanguruma kila jioni, na kosa anampa jua, wakati jua limeshazama. Kuanzia Novemba hadi Aprili ile mipasuko ya kra-kra ni radi, na radi ya mbali husafiri kwa njia ileile ya F, ikakufikia hata anga lako likiwa na nyota. Mngurumo mmoja usiokatika mara nyingi umo ndani ya nyumba: taa za bei nafuu, chaja ya simu, kibadilisha umeme. Na kontrola ya sola. Yule dada wa Uyole alikuwa na haki ya kushuku sola yake, sema kwa sababu nyingine kabisa. Baadhi ya kontrola za bei ya chini zinatoa kelele inayofunika bendi nzima. Chomoa moja moja huku redio inawaka na utampata mchawi kabla ya chakula cha usiku.

Na king'amuzi kikikatika dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, karibu na Machi au Septemba, hapo jua linahusika bila kulipuka. Limepita tu nyuma ya setilaiti na dishi linalitazama moja kwa moja.

Anayetaka kufuatilia haya asikilize namba mbili. Moja hupimwa kila siku Penticton, Kanada: nguvu ya mvumo wa jua kwenye masafa ya megahezi 2800. Ikiwa karibu na 70 jua limelala. Ikipita 150, mita 10 inastahili kufunguliwa kila siku. Nyingine inaitwa Kp, huenda kutoka 0 hadi 9, inaeleza sumaku ya dunia inavyotikisika. Ya kwanza unaitaka juu, ya pili unaitaka chini. 5 na kuendelea ni dhoruba. TMA inatupa utabiri wa mvua, lakini kwa hali ya anga hii ya mbali kuna NOAA ya Marekani, na kwa Afrika kuna kituo cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kilichopo Hermanus.

Mzunguko huu sasa unashuka. Mwisho wake unatazamiwa karibu na mwaka 2030, na kabla ya hapo mita 10 itaanza kukaa kimya siku nzima, halafu wiki nzima. Yule rafiki yangu wa Iringa ameshaliona. Antena yake ya mita 10 ni waya wa mita tano tu, aliifunga kwenye pembe ya paa. Ya mita 40, bendi itakayomlisha miaka ya ukame, inahitaji mita ishirini. Waya amenunua. Kilichobaki ni kumwomba jirani mkaratusi wake.